Kayongo ya Njia Panda

Mara ya kwanza nilipoliona shamba la shangazi yangu kule Kwapa, nilisimama njiani na sanduku begani, nikasahau kulitua. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri kutoka Busia kwa sababu lori nililoahidiwa halikutokea. Mwamba wa Tororo ulikuwa umechomoza mbali upande wa kushoto, na mbele yangu mteremko mzima ulikuwa wa zambarau. Sisemi ulikuwa na maua ya zambarau hapa na pale. Rangi ilikuwa imeumwagikia kutoka juu hadi chini, na upepo ulipopita ilitembea.

Tangu wakati huo nimekaa Jinja, Kisumu, Mombasa, Tabora na miji mingine ambayo sikukaa vya kutosha kujua majina ya mitaa yake. Nimeona mijakaranda ya Nairobi ikimwaga maua barabarani. Nimeona mashamba ya alizeti yamegeuka yote upande mmoja. Lakini nikifumba macho na kujiambia nione kitu kizuri, ni ule mteremko unaokuja, na kila mara naona aibu, kwa sababu kile nilichokuwa nakistaajabia kilikuwa kinamla shangazi yangu.

Alikuwa katikati ya rangi hiyo, ameinama, na karibu naye alikuwa jirani yake, mwanamke mnene aliyependa mzaha kuliko chakula. Nilipofika nilisalimu, kisha nikasema, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kidato cha nne na kudhani dunia inamngoja, kwamba shamba limependeza sana.

Jirani alijinyoosha, akaniangalia kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu mgeni wako kasoma mpaka macho yameharibika," alimwambia shangazi.

Shangazi alicheka kidogo, akanifuta vumbi begani kwa kiganja. "Karibu, baba," aliniambia. Aliniita baba kwa sababu nilirithi jina la baba yake. "Hiyo unayoisifu ni gugu, kayongo. Wateso hapa wanaiita emoto. Iite unavyotaka, haitaitika."

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Mpaka ulikuwapo, lakini kwa watu wa pande zile ulikuwa bado kitu cha magari. Sisi tuliotembea kwa miguu tulipita kwenye vijia, tukaoa na kuolewa huku na huku. Ndivyo shangazi, binti wa Busia upande wa Kenya, alivyojikuta ni mke wa Kwapa upande wa Uganda. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma na kuzikwa pembeni mwa uwanja wa nyumba, pale ambapo shamba linaanza. Watoto wawili aliowazaa hawakuishi. Kilichomfanya aendelee kuwa mtu wa pale ni lile shamba.

Baba alikuwa amenituma kwa sababu shamba hilo lilikuwa hatarini. Misimu miwili mfululizo mtama na wimbi, yaani ulezi, vilikuwa vimedumaa. Baada ya mavuno ya pili, shemeji yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo, alimwita akazungumza naye mbele ya wenzake. Shangazi alinisimulia maneno yake siku hiyo hiyo niliyofika, bila kuyaongezea chumvi.

"Mke wetu, hatukufukuzi. Lakini shamba lisilolisha mtu mmoja, nitalieleza vipi mbele ya ndugu wenye watoto kumi? Msimu ujao ghala lako likijaa, lima mpaka uzeeke. Lisipojaa, ng'ombe wataingia, nawe tutakusindikiza kwa heshima hadi kwa kaka zako Busia."

Hakuwa mtu mbaya. Nilikuja kumjua, alikuwa mtu wa haki, mzito wa kusema, na alikuwa anawapenda ng'ombe wake. Shangazi mwenyewe hakumlaumu. Alichoniambia ni kwamba kurudi Busia angerudi akiwa mgeni katika nyumba alimozaliwa, akila kwa zamu kwa wake za kaka zake, na kwamba ng'ombe wakishaingizwa hawataona tofauti kati ya shamba na kaburi lililo pembeni yake. Kisha akaniuliza kama nimeshiba.

Asubuhi iliyofuata alinifundisha adui. Alichagua shina la mtama lililokuwa na kayongo tatu miguuni pake, akalichimbua polepole na udongo wake wote, akalitumbukiza ndani ya karai la maji na kulisuuza kama anayeosha kidonda cha mtoto. Udongo ulipoondoka niliona mizizi ya mtama, na juu ya mizizi hiyo nyuzi nyeupe laini zilizokuwa zimeganda. Nilizivuta. Hazikuachia. Zilikuwa zimeingia ndani, mzizi ndani ya mzizi, hata usingeweza kusema mmoja unaishia wapi.

"Huyu hana habari na udongo," alisema shangazi. Siku zote alilizungumzia lile gugu kama mtu. "Ananyonya mtama kama mtoto anyonyavyo, ila huyu haachi ziwa. Na ukimwona juu, ujue ameshashiba chini."

Hilo la mwisho ndilo lililonitia baridi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, udongo ulikuwa mweusi na umelowa, na bado majani ya mtama yalikuwa yamejikunja kama ya kiangazi. Mimea ilikuwa inakufa kwa kiu ikiwa imesimama katika maji. Kwa wiki nyingi kayongo hukaa chini ya ardhi ikila bila kuonekana, kisha wakati madhara yameshafanyika, ndipo inatoka, na inatoka imevaa rangi ile.

Tuling'oa. Kila siku, tangu jua linapochomoza hadi linapokuwa kali, tuling'oa. Hapa lazima nieleze ilikuwa inakwenda wapi baada ya kung'olewa, maana hadithi yote iko hapo.

Chini kidogo ya nyumba ya shangazi kulikuwa na njia panda. Kijia kimoja kilikwenda sokoni na kuunganika na barabara ya Malaba, kingine kilishuka mtoni. Watu wote wa kitongoji kile walipita hapo, na ng'ombe wao pia. Kayongo iliyochanua ilifungwa mafungu, ikapelekwa pale saa sita mchana, ikatupwa katikati ya njia kwa mkono wa kushoto, na aliyeitupa aliondoka bila kugeuka. Maana yake ni kwamba kila anayepita ataikanyaga na kwenda na kipande cha balaa hilo, kidogo kidogo, hadi limetawanyika mbali na kukosa nguvu.

Na kukanyaga kulikuwa wajibu. Hili lilinigusa sana nilipoelezwa. Mtu aliyeruka lile rundo au kulizunguka alihesabiwa amemdharau jirani yake, amekataa kumsaidia kubeba. Niliona wazee wenye magongo wakipita juu yake makusudi, na akina mama wenye mitungi kichwani wakipunguza mwendo ili wakanyage vizuri. Jirani yetu mcheshi alikanyaga mara mbili, akisema ya pili ni kwa ajili ya mume wake mvivu anayelala nyumbani. Rundo lilikauka, likawa kijivu, likasagika chini ya nyayo na kwato hadi likawa vumbi, na juu yake likatupwa jingine.

Nilibeba mafungu hayo karibu wiki tatu. Nilijivunia. Nilijiona nimepokewa katika jambo zuri la watu wema, na jambo lenyewe lilikuwa zuri kweli, sijabadili mawazo juu ya hilo hata leo.

Kisha nikatakiwa Busia kuchukua majibu ya mtihani. Nilivaa suruali yangu nzuri, ile yenye mapindo chini kama ilivyokuwa fasheni, na saa ya mkono aliyoninunulia baba. Kabla sijafika, saa ilisimama. Niliitikisa, nikaitia ufunguo, haikutaka. Nikaipeleka kwa fundi wa saa, mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na meza yake kibarazani mwa duka la nguo. Ukoo wake ulitoka Mumias, lakini yeye alikuwa ameketi pale mpakani miaka mingi hata watu walimtumia kuelekezana njia.

Aliifungua saa kwa kisu kidogo, akabana jichoni kile kijikombe cheusi chenye kioo cha kukuza, akainama. Alikaa hivyo kwa muda.

"Kijana, saa hii umeilimisha?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

Nikamwambia nimekuwa shambani kwa shangazi.

"Mimi nafungua saa za madereva nakuta vumbi la barabara. Za waokaji nakuta unga. Hili lako ni vumbi la namna gani, lina mbavu?"

Akakitoa kile kioo jichoni, akanipa.

Nilichokiona sikuwa nimefundishwa shuleni. Kati ya vijigurudumu vya shaba kulikuwa na punje. Kwa macho matupu zilikuwa vumbi la kahawia, la kufuta kwa kidole na kusahau. Ndani ya kioo kila moja ilikuwa na umbo, ndefu kiasi, imechongwa mistari iliyopinda kutoka ncha hadi ncha, mmoja kando ya mwenzake, kwa uangalifu wa mtu anayechonga kinyago asichotaka kukiuza. Zilikuwa mbegu. Hapakuwa na nafasi ya kusema ni kitu kingine.

Fundi alinitandazia karatasi nyeupe. Sijui nani kati yetu aliyefikiria mapindo ya suruali, nadhani ni yeye. Niliinama, nikayafungua, nikakung'utia juu ya karatasi. Kilimwagika kiasi cha kijiko cha chai. Niliangalia kwa kioo. Kila chembe ilikuwa na mistari ile. Nikabonyeza ncha ya kidole juu ya rundo nikajaribu kuhesabu zilizoganda, nikafika mahali nikaacha. Zile za kidoleni peke yake zingetosha kuliua shamba, na nilikuwa nimezibeba, na kuzimwaga hatua kwa hatua, kutoka Kwapa hadi Busia.

Hapo ndipo nilipoiona njia panda. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha duka, watu wanapita na baiskeli na magunia, na niliona wazi kama niko pale: wazee, akina mama wenye mitungi, ng'ombe, wote wanakanyaga kwa hiari, na kila mmoja anaondoka na lake katika nyufa za visigino, kuelekea shambani kwake.

Majibu ya mtihani yalikuwa mazuri. Nakumbuka hilo kama jambo dogo la siku hiyo.

Nilimwomba fundi aniazime kile kioo. Aliniangalia, kisha akacheka. "Nenda nacho. Saa iache hapa, nitakingoja kioo changu nayo." Mbegu nilizitia ndani ya kibiriti kitupu nikakifunga kwa uzi mara nne.

Shangazi hakukubali upesi. Alisema vumbi ni vumbi, na kioo cha fundi kazi yake ni kukuza kila kitu, hata uongo. Basi nikamketisha uwanjani kwenye jua la asubuhi nikaanza na vitu anavyovijua. Nilimwekea punje ya wimbi, akaitambua. Nikamwekea chumvi, akastaajabu ilivyo kama mawe ya kukatwa. Nikamwambia aangalie kiganja chake mwenyewe, akacheka, akasema lo, mimi nimekuwa kenge. Ndipo nikafungua kibiriti.

Aliangalia punje moja moja. Kuku walikuja karibu na miguu yake na hakuwafukuza. Alipoondoa kioo jichoni hakunitazama mimi, alitazama chini, kule njia panda.

"Kwa hiyo tulikuwa tunampanda," alisema. Kisha akaongeza, "Kwa mkono wa kushoto. Na bila kugeuka."

Hakupoteza siku. Mchana huo huo alichukua jembe na karai akaenda peke yake njia panda, akakwangua lile vumbi na udongo wa juu, akalibeba hadi nyumbani, akalitia ndani ya shimo na kuliwashia moto wa kuni nyingi. Aliporudi mara ya tatu, watu walikuwa wamesimama. Sikuwa nimetambua kitu kimoja ambacho yeye alikitambua vizuri: kwa macho yao, mjane huyu alikuwa anachukua balaa lililokwisha tupwa na kulirudisha nyumbani. Jirani yetu, ambaye hakukosa mzaha, siku hiyo alikosa. Alimuuliza shangazi kama anataka kuwaua. Shangazi alimwonyesha kibiriti, lakini hasira ikishapanda nani huangalia kibiriti.

Habari zilimfikia shemeji mkubwa kabla ya jua kutua, na siku chache baadaye mavuno nayo yakafika. Mtama wote tulioupata ulitosha nyungo tatu. Wimbi hatukujisumbua kulipeleka ghalani. Niliwahi kuchungulia ndani ya ghala lile siku hizo, nikaona buibui ametanda mlangoni bila wasiwasi wowote.

Nilikwenda Tororo kumtafuta bwana shamba. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, lakini alipoona kibiriti alifunga ofisi na kupanda baiskeli. Alikuwa kijana, hakunizidi kwa miaka mingi, amevaa kaptula ya kaki na soksi za kuvuta hadi magotini. Alikaa na shangazi chini kwenye mkeka, na alichotueleza kimenikaa kichwani miaka yote hii.

Alisema mbegu ile inaweza kulala udongoni miaka mingi, hata zaidi ya kumi, na haiamshwi na mvua wala jua. Inangoja. Mzizi wa mtama, au wimbi, au mahindi, ukipita karibu yake, unatoa harufu fulani, na mbegu hiyo, isiyo na pua wala jicho, inanusa. Ndipo inaamka. Ikishaamka ina siku chache tu za kuufikia mzizi na kuushika. Isipoushika inakufa. Na iko mimea mingine, pamba ni mmojawapo, karanga pia, yenye mizizi inayotoa harufu ya kuiamsha lakini yenyewe hainyonyeki.

Shangazi alikuwa amesikiliza kichwa kimeinama. Sasa akakiinua.

"Anaamka akidhani ni mtama?"

"Ndiyo, mama."

"Na akishaamka, hawezi kulala tena?"

"Hawezi. Anakufa na njaa pale pale."

Shangazi alianza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega. "Basi tutamwamsha," alisema.

Kisha bwana shamba akasema sehemu ngumu. Msimu mmoja hautoshi. Pamba na karanga misimu kadhaa, samadi udongoni, na kila kayongo inayotoka ing'olewe kabla haijachanua na ichomwe. Miaka mitatu ndipo apande mtama, na hata hapo asilale. Alipoondoka na baiskeli yake, sote wawili tulijua shemeji aliomba nini. Aliomba ghala lililojaa. Dawa ya shamba ilikuwa ni kuliacha ghala tupu miaka mitatu.

Walimwita siku ya Jumapili alasiri. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekizunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na shemeji mkubwa alikuwa kwenye kigoda chenye mgongo. Mimi niliruhusiwa kukaa kando kwa kuwa nilikuwa mtu wa upande wake. Shangazi alipiga magoti, akasalimu. Shemeji aliuliza mambo mawili tu: ghala liko wapi, na njia panda amefanya nini.

Alijibu la kwanza kwa kusema halina kitu. La pili aliomba ruhusa alijibu kwa kuonyesha. Alitoa karatasi nyeupe na unyoya wa kuku, akaviweka mbele ya shemeji yake, akamwomba ajipanguse kisigino mwenyewe, juu ya karatasi.

Mmoja wa wanaume alisema mke wetu sasa amekuwa daktari wa miguu, na kicheko kikapita kwenye duara. Shemeji hakucheka. Alimtazama shangazi kwa muda, akainua mguu, akaupangusa. Alikuwa na visigino vya mtu aliyetembea na ng'ombe maisha yake yote, vyenye mipasuko ya kuingiza ncha ya kidole. Vumbi lilidondoka kidogo. Shangazi alimpa kioo, akamwonyesha kukibana.

Aliinama juu ya karatasi. Wenzake waliendelea kunywa, halafu wakapunguza, halafu wakaacha. Aliinama hadi nikadhani amesinzia. Aliondoa kioo, akaangalia karatasi kwa macho matupu, akakirudisha kioo. Kisha akafungua kile kibiriti alichowekewa kando, akalinganisha.

"Mzee, umeona kiama humo ndani?" aliulizwa.

"Nimeona shamba langu," alisema.

Akampa aliyekaa kulia kwake, na kioo kikazunguka kama mrija wa pombe unavyozunguka. Kila aliyepokea alianza na tabasamu na kumaliza bila tabasamu. Wawili walijipangusa visigino bila kuambiwa. Shangazi, akiwa bado magotini, aliwaeleza habari za mbegu inayonusa na pamba inayoidanganya. Hakusema neno juu ya nani alitupa nini wapi. Mwisho akasema anachoomba: miaka mitatu bila mtama.

Yule aliyeleta mzaha wa daktari alisema shauri lilikuwa ghala, na ghala ni tupu, na mtu hawezi kula pamba. Alisema kweli. Niliona mikono ya shangazi imeshikana juu ya mapaja.

Shemeji mkubwa alikuwa bado anatazama mguu wake.

"Tangu nianze kutembea nimekanyaga pale kwa moyo safi," alisema. "Nimewakanyagia majirani wote. Na baba yangu alikanyaga." Kisha akamgeukia shangazi. "Lima pamba, mke wetu. Hiyo miaka mitatu utakula kwangu. Na mimi nitapanda karanga, uje unionyeshe."

Yule mwingine alifungua mdomo. Shemeji mkubwa alimwambia anywe, pombe inapoa.

Mimi niliondoka kabla ya pamba kufumbuka, miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha. Nilipata kazi Tororo, kisha Jinja, kisha mbali zaidi. Nilirudi Kwapa mwaka wa nne, msimu wa mtama, nikiwa nimekaa siku nzima ndani ya treni na kujiandaa kwa lolote. Shangazi alikuwa bado pale. Mtama ulinizidi urefu. Ulikuwa umesimama wima, majani mapana yakigusana na kutoa ile sauti ya kunong'ona, na nilisimama njiani tena, kama mara ya kwanza, ila sasa mbele yangu palikuwa kijani kitupu, na kijani hicho kilinitisha zaidi, maana nilijua nini kilikuwa kimelala chini yake.

Alinichukua shambani kabla ya umande kukauka. Alikwenda mstari kwa mstari, shina kwa shina, ameinama, bila haraka. Kila baada ya hatua nyingi alisimama, akapenyeza vidole viwili kwenye udongo na kutoa kitu kidogo cha kijani, bado hakijapata hata dalili ya ua, akakitia ndani ya kibuyu alichokifunga kiunoni. Nilimuuliza kama hizo ni mbegu za miaka ile tuliyobeba mafungu.

"Labda. Wengine labda walilala kabla hujazaliwa. Mume wangu alikuwa hai, sisi tunalima juu yao, hatujui." Alisogea shina lingine. "Bwana shamba anasema wako watakaoamka mimi nimeshakufa."

Nilimuuliza kama hilo halimkatishi tamaa.

Alifikiri, au labda alikuwa anatazama tu udongo. "Walioamka walinikuta nimekaa," alisema. "Watakaoamka watanikuta nimekaa, hata kama ni pale kwa mume wangu."

Ukingoni mwa shamba, kaburi la mumewe lilikuwa limefyekewa na kuzungushiwa mawe. Ng'ombe wa shemeji walikuwa wanakula majani ng'ambo ya mto. Mistari ilikuwa bado mingi na jua lilikuwa linapanda, kwa hiyo nilikunja suruali hadi magotini, nikaingia mstari wa jirani yake, nikainama.